Lubumbashi: Alamu ya moshi ikilia, nani anakuja?

Jumamosi moja jioni, katika nyumba moja ya mtaa wa Golf mjini Lubumbashi, sufuria ya maharagi ilisahauliwa juu ya jiko la umeme. Moshi ulitoka jikoni, ukaingia kwenye korido, na kifaa kidogo cheupe kilichofungwa darini kikaanza kulia. King'ora cha nje kikafuata. Kilomita chache kutoka pale, kwenye kituo cha shirika la ulinzi ambalo mwenye nyumba hulilipa kila mwezi, ishara ilifika kwenye kompyuta kama ilivyotakiwa. Baada ya robo saa hivi pikapu ikasimama mbele ya geti. Walinzi wanne walishuka, marungu mkononi, na swali lao la kwanza lilikuwa: « Patroni, mwizi amepita wapi? »

Mwandishi wa mistari hii alikuwa mgeni katika nyumba hiyo. Hakuna aliyeumia, ni maharagi tu yaliyoungua. Lakini mwenye nyumba alibaki amesimama kizingitini kama mtu aliyegundua kuwa hati ya kiwanja chake si halali. Kwa miaka miwili aliamini kwamba anapolipa dola zake, analipia pia msaada wakati wa moto. Tulipofungua mkataba usiku huo, tulikuta wizi umetajwa mara nyingi, uvamizi pia. Neno moshi lilikuwa kwenye ukurasa wa vifaa peke yake, pamoja na idadi ya kamera na urefu wa waya.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Katika Lubumbashi, Kolwezi na Kinshasa, familia zenye uwezo zinazidi kufunga alamu zinazoangaliwa kutoka mbali: kamera, vifaa vinavyoona mtu akitembea, kitufe cha kuita msaada. Kitambua moshi, ambacho mafundi wetu wanakiita detektere, mara nyingi huja ndani ya katoni hiyohiyo, kama nyongeza. Fundi anakifunga kwa sababu kipo. Mteja anafurahi kwa sababu taa yake ndogo inawaka. Na swali la nani atakuja siku kitakapolia halimjii mtu kichwani.

Waya unafanya nini

Kitambua moshi cha kawaida, kile cha betri kinachouzwa peke yake, kinafanya kazi moja: kupiga kelele ndani ya nyumba. Hicho ndicho ambacho sheria za Ulaya zinadai. Ufaransa imekilazimisha katika kila makao tangu Machi 2015. Brussels, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, ilianza na nyumba za kupanga, na tangu Januari 2025 inakidai katika nyumba zote. Ndiyo maana siku hizi unaweza kukuta kifaa cha namna hiyo kimefika Lubumbashi ndani ya sanduku la shangazi aliyekuja likizo.

Kelele hiyo peke yake si jambo dogo. NFPA, shirika la Marekani linaloshughulikia kinga dhidi ya moto, limekuwa likieleza katika ripoti zake kwamba katika nyumba yenye kitambua moshi kinachofanya kazi, hatari ya kufa moto unapozuka hupungua kwa zaidi ya nusu. Sababu yake ni rahisi. Watu wengi wanaokufa usiku hawauawi na ndimi za moto bali na moshi, wakiwa bado usingizini. Pua ya mtu aliyelala haimwamshi. Na katika nyumba za leo zenye makochi na magodoro ya sponji, kutoka king'ora kinapolia hadi njia ya kutokea inapofungwa na moshi, familia inaweza kuwa na dakika mbili au tatu tu.

Kuunganisha kifaa hicho na kituo cha uangalizi kunaongeza jambo moja: habari inatoka nje ya nyumba hata kama ndani hakuna mtu, au kama aliye ndani ni mtoto, mgonjwa au mzee asiyeweza kupiga simu. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, na ni kubwa. Lakini faida hiyo inategemea mambo ambayo wauzaji wetu huyapita haraka.

Kwanza, si kila kifaa kinaunganishika. Kile cha shangazi hakina mahali pa kuchomeka waya wa alamu. Vinavyounganishwa ni vile vilivyotengenezwa kwa mfumo, vya waya au vya redio, ambavyo kisanduku kikuu cha alamu kinavijua na kinaweza kuviuliza kila wakati kama bado ni vizima. Waya ukikatwa na panya, kisanduku kinatakiwa kutoa taarifa ya hitilafu. Fundi asiyeweka kile kipande kidogo cha mwisho wa waya, kinachokiwezesha kisanduku kutofautisha waya mzima na waya uliokatika, anakuachia pambo la darini.

Kosa baya zaidi, na ndilo tulilolikuta Golf tulipochunguza, halionekani kwa macho. Alamu ya wizi ina hali mbili: imewashwa au imezimwa. Unaiwasha unapotoka, unaizima unaporudi. Familia nyingi hulala ikiwa imezimwa, kwa sababu watoto wanaamka usiku kwenda msalani na hakuna anayetaka king'ora kilie kwa ajili hiyo. Sasa, kama fundi ameunganisha kitambua moshi kwenye mstari uleule wa milango na madirisha, basi alamu ikizimwa, na moshi unazimwa nao. Yaani usiku, saa ambazo watu wanakufa, kifaa hakiwezi kuita kituo. Mstari wa moshi unatakiwa kuwa hai saa 24, alamu iwe imewashwa au imezimwa. Ni jambo la kupanga kwenye kisanduku kwa dakika chache. Jumamosi ile ishara ilifika kituoni kwa bahati tu: mtoto wa nyumba alikuwa amechezea vitufe na kuiwasha alamu tukiwa sebuleni.

Na kwa kuwa mstari huo ulikuwa wa wizi, kompyuta ya kituo haikusema moshi. Ilisema uvamizi. Walinzi walikuja na marungu kwa sababu waliambiwa kuna mtu wa kupigwa.

Ishara nayo inahitaji barabara

Tuchukulie kwamba fundi amefanya kazi yake vizuri. Ishara bado inahitaji njia ya kupita, na hapa nchi yetu ina kumbukumbu zake. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi baada ya siku 20 hivi. Ujumbe mfupi wa simu nao ulizuiwa. Alamu yoyote iliyotegemea intaneti pekee ilikuwa kiziwi na bubu katika muda wote huo. Aliyekuwa na kituo kinachopokea kwa redio, kama mashirika ya ulinzi ya zamani yalivyozoea, hakuhisi tofauti.

Hata bila siasa, njia inaweza kufungwa. Huko Marekani, kampuni za simu zilipozima mtandao wa 3G mwaka 2022, alamu nyingi za nyumba zilizokuwa zikitumia mtandao huo zilihitaji kubadilishiwa vifaa, la sivyo zingeacha kuwasiliana na vituo bila mwenye nyumba kuona tofauti yoyote. Kwetu tatizo linaweza kuwa dogo zaidi na la aibu zaidi: kadi ya SIM iliyo ndani ya kisanduku imeisha uniti. Nani anaijaza? Mteja anadhani ni shirika, shirika linadhani ni mteja.

Kuhusu delestaji za SNEL, hakuna haja ya kumweleza msomaji. Betri ya akiba ndani ya kisanduku imetengenezwa kushikilia kwa saa kadhaa. Katika mtaa ambao umeme unaondoka kila siku, betri hiyo inachoka mapema, na wengi hawaijui hadi siku inapohitajika. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wa umeme wanalijua vizuri: saa ya hatari si ile ya giza tu. Ni ile umeme unaporudi kwa nguvu isiyo sawa, huku pasi imeachwa juu ya kitambaa na nyaya za zamani zimebebeshwa friji tatu. Kama betri imekufa kwa sababu ya giza refu, kisanduku kinaamka wakati uleule ambao moto nao unaamka.

Mwisho wa waya

Katika nchi ambako mfumo huu ulizaliwa, kituo cha uangalizi si mwisho wa safari. Kinapokea ishara, kinapiga simu nyumbani kuhakikisha, kisha kinawaita wazima moto wa mji. Kituo ni daraja tu. Thamani yake iko upande wa pili: gari lenye maji, watu waliofundishwa, barabara inayopitika, bomba la kuchotea maji karibu.

Na hata huko daraja hilo linachoka. Kikosi cha zimamoto cha London, tangu Oktoba 2024, hakitumi tena gari mchana kwa alamu za otomatiki katika majengo mengi ya biashara mpaka mtu apige simu kuthibitisha kwamba kuna moto kweli. Nyumba za kuishi hazikuhusishwa. Sababu ni wingi wa alamu za uongo. Bronx, New York, tarehe 9 Januari 2022, watu 17 walikufa kwa moshi katika jengo refu la Twin Parks, wengi wao wa familia zilizotoka Gambia. Alamu ililia. Wakaaji walisimulia baadaye kwamba ilikuwa na kawaida ya kulia ovyo, hivyo wengi hawakuijali mwanzoni. Mlango wa chumba kilichoungua haukujifunga, na moshi ukapanda ngazi.

Lubumbashi, mji wa wakaaji zaidi ya milioni mbili, malalamiko ni yaleyale baada ya kila nyumba kuungua: gari la pompiye lilichelewa, au lilifika bila maji ya kutosha, au halikuweza kuingia kwenye avenyu. Wapo wazima moto wanaojitolea kwa vifaa vichache walivyo navyo, na si haki kuwabebesha wao lawama za bajeti. Lakini mtu anayenunua alamu inayoangaliwa lazima aanze na ukweli huo. Kama kituo hakina wa kumwita, basi msaada ni wale walinzi wanne wa pikapu. Swali linakuwa: ndani ya pikapu hiyo kuna nini?

Hapa ndipo mteja ana nguvu ambayo haitumii. Mkataba unaweza kusema kwamba ishara ya moshi inapokelewa tofauti na ya wizi. Kwamba gari linalokuja lina vizimamoto viwili vilivyojaa na mkasi wa kukata kufuli. Kwamba walinzi wamefundishwa kukata umeme kwenye kaunta kabla ya kumwaga maji. Kwamba kituo kinapiga simu kwa watu watatu, si kwa mwenye nyumba peke yake, ambaye pengine yuko ndani ya ndege kuelekea Kinshasa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Kampuni za bima nazo zingeweza kusukuma. Tangu sheria ya mwaka 2015 ifute ukiritimba wa SONAS, soko limefunguka, na sehemu nyingine za dunia ni kawaida bima kumpunguzia malipo mteja mwenye alamu ya moto inayoangaliwa na kituo. Bima inayolipa nyumba iliyoungua ina sababu nzuri ya kuuliza pikapu ilikuja na nini.

Geti, antivole na ufunguo

Kuna jambo ambalo wauza alamu hawalisemi, kwa kuwa linagusa bidhaa yao ya kwanza. Tumejenga nyumba zetu ili watu wasiingie. Antivole za chuma kwenye kila dirisha, mlango wa chuma nyuma ya mlango wa mbao, kufuli usiku, na ufunguo chini ya mto wa baba. Mwizi anashindwa kuingia, na mtoto anashindwa kutoka. Mara ngapi tumesikia majirani wakisimulia kwamba walisikia kelele za walio ndani, wakavuta chuma kwa mikono, na chuma hakikusogea?

Kitambua moshi kikimwamsha mtu ambaye hawezi kufungua, kimemwamsha kwa ajili gani? Katika kila nyumba, antivole moja angalau, ya chumba cha watoto kwanza, inatakiwa kuwa na bawaba na komeo linalofunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji yeyote, na ni nafuu kuliko kamera. Zamu wa getini naye anatakiwa kujua sauti ya moshi ni ipi na sauti ya wizi ni ipi, maana akisikia king'ora usiku, akili yake inamwambia afunge geti vizuri zaidi.

Na tuseme wazi kuhusu mbabula. Kitambua moshi hakioni gesi ya makala. Makala yaliyowaka vizuri hayatoi moshi mwingi, lakini yanatoa gesi isiyo na harufu ambayo inawamaliza watu usingizini. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, wapo wanaoingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Nyumba hiyo inaweza kuwa na vifaa vitano vya moshi darini na vyote vikanyamaza. Gesi hiyo ina kifaa chake, na kinga yake ya kwanza ni kuiacha mbabula nje. Jikoni nako ni hivyohivyo: kitambua moshi kikifungwa juu ya sufuria kitalia kila siku hadi mtu apande kiti na kutoa betri. Mahali pa jikoni ni pa kifaa kinachopima joto. Cha moshi kikae kwenye korido, karibu na vyumba vya kulala, kisafishwe vumbi jekundu la kiangazi na vidudu vya masika, na kibadilishwe kikifikisha miaka 10.

Wasio na pikapu

Haya yote ni mazungumzo ya Golf. Katuba na Kenya, au kule Bukavu katika komine ya Kadutu, ambako nyumba za mbao zimeshikana ukuta kwa ukuta na moto wa chumba kimoja unaweza kuondoka na mtaa, hakuna anayelipa dola kila mwezi kwa kituo cha uangalizi. Hata hivyo, ni huko ambako wazo la kuunganisha lina maana zaidi, na Afrika imeshaonyesha mfano.

Tarehe 1 Januari 2013, moto uliteketeza sehemu ya BM Section katika Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, Afrika Kusini, na maelfu ya watu wakalala nje. Mwaka uliofuata, watu waliotoka chuo kikuu cha mji huo walianzisha Lumkani, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya vibanda. Waliacha moshi makusudi: katika nyumba ambako watu wanapika, wanaota moto na kuwasha taa ya mafuta chumba kilekile, kifaa cha moshi kingelia mchana kutwa. Chao kinapima joto linapopanda kwa kasi. Kikilia na kisizimwe ndani ya sekunde chache, vifaa vya majirani walio ndani ya mita 60 hivi vinalia pia, kwa redio, na ujumbe unatumwa kwenye simu.

Tazameni ishara inakwenda wapi: kwa jirani. Katika mtaa wa vibanda, watu walio karibu wenye ndoo, mchanga na mikono ndio kikosi cha kwanza, na dakika moja kwao ni nyumba tatu zilizookolewa. Mashirika ya kiraia ya Bukavu na Lubumbashi, ambayo kila mara huomba magari ya zimamoto bila kujibiwa, yangeweza kuomba na hiki, kwa avenyu moja ya majaribio.

Rafiki yangu wa Golf naye amefika hapohapo kwa njia nyingine. Fundi amerudi akautenga mstari wa moshi, uko hai saa 24, na dirisha la watoto linafunguka kutoka ndani. Barua ya kuomba mkataba ubadilishwe imepelekwa kwa shirika, ambalo limejibu kwamba litaliangalia jambo hilo. Wakati anasubiri, amebadilisha orodha ya namba ambazo kituo kinapiga king'ora kinapolia. Ya kwanza si yake tena. Ni ya jirani wa upande wa kushoto, mwenye kisima katika lupango lake, pampu, na bomba la mpira linalofika hadi ukutani.